Chumba cha Televisheni Nane

Muchiri aliusukuma mlango wa chumba kidogo kwa bega, maana nyuma yake kulikuwa na kitu kilichouzuia. Ulifunguka nusu ukakwama hapo hapo.

"Itabidi mpite kwa ubavu," akamwambia dada yake. "Nisamehe, Milcah. Sikujua mtakuja leo."

Milcah alichungulia. Televisheni nane, zile nzito zenye mgongo mnene, zilikuwa zimerundikwa mbili mbili hadi kufunika nusu ya dirisha. Juu yake kulikuwa na katoni, ndani ya katoni mashine za michezo, na kutoka kwenye kila katoni pedi za kuchezea zilining'inia kwa nyaya zake. Katikati paliachwa kipande cha sakafu cha kutosha godoro moja jembamba. Hakushangaa. Kwa siku tisa hakukuwa na kitu kilichomshangaza. Alimtanguliza Debra, bintiye wa miaka tisa, kisha akapita yeye, akiwa amebeba mfuko wa plastiki ambao ndio uliokuwa mzigo wao wote.

"Ni vitu vya ile biashara ya town," Muchiri alieleza, ingawa hakuulizwa. "Krismasi ilipoisha nikaona heri vikae hapa."

Ilikuwa Januari ya mwaka elfu mbili na nane, na Nairobi nzima ilionekana kuwa na kitu inachokihamisha. Muchiri alikuwa na chumba cha gemu katikati ya jiji, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu karibu na barabara ya Luthuli. Wanafunzi wa vyuo, makarani na wauza simu walikuwa wakipanda pale kucheza mpira kwenye kioo, wakipiga kelele kana kwamba wako uwanjani. Tangu matokeo ya uchaguzi yatangazwe na fujo zianze, mlango ule ulikuwa umefungwa. Mke wake, Mwihaki, alifanya kazi benki kule Upper Hill, na nyumba yao ya Kileleshwa, ghorofa ya tatu, ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule, na roshani ya kuanikia nguo. Hata roshani ilikuwa imejaa katoni.

Milcah na mumewe Ndegwa walikuwa na ghala la nafaka katika mji mdogo wa Bonde la Ufa. Miaka kumi na minne walinunua mahindi na maharagwe kwa wakulima, wakayahifadhi, wakayauza bei ilipopanda. Ghala liliteketezwa siku ya pili ya fujo. Muchiri alipompigia simu dada yake, aliyekuwa kwenye uwanja wa kanisa walikokimbilia, aliuliza, "Na Ndegwa?" Milcah akajibu, "Hayuko." Muchiri hakuelewa kama maana yake ni kwamba hayuko karibu na simu au hayuko duniani, akaogopa kuuliza tena. Mwihaki naye hakuuliza. Na kwa kuwa hawakuuliza, Milcah hakusema. Ndegwa alikuwa amekufa, alikuwa katika chumba cha maiti cha hospitali ya wilaya, na Milcah ndiye aliyetia sahihi kwenye fomu.

Siku zilipita kama maji ya bomba lililoachwa wazi. Mwihaki alitoka asubuhi akarudi jioni. Debra alitazama katuni sebuleni sauti ikiwa chini. Milcah aliosha vyombo vilivyokuwa tayari vimeoshwa, kisha akarudi chumba kidogo, akaketi juu ya godoro. Vioo vyeusi vya televisheni vilimtazama pande tatu, na katika kila kimoja kulikuwa na mwanamke mdogo, mnene kwa chini, aliyekaa juu ya godoro. Aliwatazama wanawake wale bila kuwahurumia.

"Mama Debra, umekula?" Mwihaki alikuwa akimwuliza kila jioni.

"Nimekula."

"Ulilala vizuri?"

"Vizuri."

Hata yeye mwenyewe alijisikia akijibu kama mtu anayesoma kibao cha dukani. Haikuwa kwamba alikuwa akizuia machozi. Hayakuwepo. Alijaribu mara moja, bafuni, akafikiria sura ya Ndegwa makusudi, na kilichomjia ni kwamba sabuni imekaribia kwisha.

Kisha siku moja mchana, nje ya msimu, mvua ikanyesha. Ilikuja kwa ghafla kutoka upande wa Ngong, ikapiga roshani moja kwa moja. Muchiri alikuwa sebuleni akisikiliza redio. Aliruka, akaanza kuingiza katoni mbio mbio, nyingine zikichanika chini kwa kulowa. Mashine moja ilianguka zuliani. Alizifuta kwa shati lake, akazifunga kwenye mifuko ya nailoni zikiwa bado na unyevu, akakaza mafundo, akaenda nazo chumba kidogo. Huko aliilaza televisheni moja kifudifudi juu ya nyingine, akaanza kupanga mashine juu ya mgongo wake.

"Usiweke hivyo," Milcah alisema.

Muchiri aligeuka. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo dada yake alikuwa ameyasema bila kuulizwa.

"Nini?"

"Hiyo nailoni. Umefunga maji ndani. Itatoa jasho, baada ya wiki utakuta ukungu. Fungua zote."

"Lakini vumbi..."

"Vumbi utapangusa. Ukungu hutapangusa." Alikuwa ameshasimama. "Una shuka za zamani? Leta. Na hizo televisheni toa zote."

"Zote? Tutaziweka wapi?"

"Sebuleni. Ghala halipangwi likiwa limejaa, Muchiri. Kwanza linatolewa."

Walifanya kazi ile siku mbili. Milcah hakujua chochote kuhusu mashine za gemu. Hakuwahi kugusa pedi. Lakini unyevu aliujua, panya aliwajua, na alijua namna mzigo unavyoegemea mzigo mwenzake hadi wa chini ukapasuka. Alimtuma Muchiri kwa mafundi waliokuwa wakijenga nyumba nyuma ya barabara, akaomba mabaki ya mbao, akayapanga sakafuni ili pasiwe na kitu kinachogusa saruji. Aliacha nafasi ya kiganja kizima kati ya mzigo na ukuta.

"Ya nini?" Muchiri aliuliza.

"Ukuta unapumua. Ukiubana unatoa maji."

Televisheni nne kubwa zilikaa chini, zimesimama wima, vioo vikielekea ukutani visigongwe. Juu yake ukawekwa ubao, kisha nne ndogo. Muchiri naye alikuwa na yake aliyoyajua. Alifungua kila mashine akatoa sidii iliyobaki ndani, maana ikitikisika hukwaruza lenzi, na bila lenzi mashine ni boksi tu. Alimwonyesha dada yake kwamba waya wa pedi haukunjwi kwa kukaza kuizunguka pedi yenyewe, huwa unakatika ndani pale shingoni bila mtu kuona. Unakunjwa kwa miduara mipana, kama kamba ya kisima.

"Kama kamba ya kisima," Milcah alirudia, akakunja.

Debra aliacha katuni. Alipewa kalamu na karatasi za kubandika, akaipa kila mashine nambari, na pedi zake nambari ile ile, na waya wake pia. Mashine zilifika kumi na moja. Kila moja ilifungwa kwa kipande cha shuka, ikalazwa chali ndani ya katoni kavu. Chini ya kitanda cha Mwihaki zikaenda tano, juu ya kabati nne, mbili zikabaki chumbani. Sidii zilisimamishwa kwenye rafu ya jikoni, mbali na jiko, mahali palipokuwa na glasi za harusi. Glasi zikaenda kwa jirani.

Mwihaki aliporudi kutoka kazini siku ya pili, alisimama mlangoni mwa chumba kidogo. Mlango ulifunguka wote. Kulikuwa na nafasi ya godoro la pili, na kiti.

"Mama Debra," alisema, "kumbe humu kuna dirisha."

Milcah aliitikia kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa imechoka, na alitambua uchovu ule kama mtu anayemwona mtu aliyesoma naye zamani. Jioni hiyo alilala mapema, hakuota.

Kazi ile nzuri ndiyo iliyoleta balaa. Muchiri, alipoona chumba kimepata nafasi, alianza kufikiria vilivyobaki Luthuli. Siku ile ya kuhamisha, pikapu ilikuwa imejaa, akaacha televisheni tatu, mashine nne na kabati la chuma lenye kadi za kumbukumbu, ambamo wateja wake walihifadhi ligi zao za miaka miwili. Wiki ile kulikuwa kumetangazwa maandamano tena. Askari walifunga barabara za katikati ya jiji, na watu walisema maduka ya mitaa ile yatavunjwa.

Alhamisi asubuhi, Mwihaki akiwa ameshaondoka, Muchiri alivaa viatu vya mpira.

"Naenda haraka tu," alimwambia Milcah aliyekuwa akimenya viazi. "Rafiki yangu Nzomo amepata pikapu. Tunapitia Kijabe Street, tunapakia, kabla ya saa nne tumerudi. Umeona vile umepanga? Zitaingia zote."

Milcah aliweka kisu chini.

"Usiende."

"Hawajaanza bado. Wanaanzaga mchana."

"Usiende, Muchiri."

"Milcah, ni kabati moja na televisheni tatu. Zikichukuliwa, nitafungua na nini mambo yakitulia? Nusu ya kazi yangu iko kwa hiyo kabati."

"Yalikuwa magunia sita," Milcah alisema.

Mkono wa Muchiri ulisimama kwenye kitasa.

"Tulikuwa tumeshafika kanisani," akaendelea. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kusoma kibao cha dukani. "Sisi wote watatu. Ndegwa alikuwa amekaa karibu yangu, anakula mkate. Mchana kukatulia. Mtu akasema mji umepoa, wenye mikokoteni wanaokoa mali. Yeye hakutaka kwenda. Alisema tuache. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia kuna magunia sita ya maharagwe, yako karibu na mlango, upande wa kushoto, hata hataingia ndani sana. Nilimwelekeza, Muchiri. Nilimwambia upande wa kushoto kwa sababu mimi ndiye niliyeyapanga."

Maji ya viazi yalikuwa yakitiririka kwenye sinki. Hakuna aliyeyafunga.

"Akaenda na mkokoteni wa kanisa. Wenye fujo walimkuta ndani. Wakafunga mlango kwa nje, wakawasha." Alitazama viazi. "Hayuko. Nilikuambia hayuko."

Muchiri aliachilia kitasa. Alikuja akaketi kwenye kiti cha jikoni akiwa na viatu vyake vya mpira, akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti, mwanamume mzima, mabega yakiruka. Milcah alimtazama akilia. Alihisi kama anamtazama mtu akila chakula ambacho yeye amekatazwa na daktari.

Debra alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hawakujua alifika lini.

"Debra," Milcah alisema.

"Mimi nilijua," mtoto alisema. "Mama ya Wanja aliniambia kanisani. Alisema nisikuambie."

Milcah alinyoosha mkono, Debra akaja, akaegemea kiuno chake. Walikaa hivyo mpaka Nzomo alipopiga honi chini, akapiga tena, akapiga simu. Muchiri alimwambia aende zake nyumbani.

Hakuenda siku ile wala kesho yake. Moshi wa mabomu ya machozi waliuona kwenye habari. Wiki mbili baadaye, jiji lilipotulia kidogo, alisema anaenda kuangalia, na Milcah akasema ataenda naye. Walipanda ngazi za jengo lile la Luthuli wakipita milango iliyovunjwa katika ghorofa ya kwanza, fundi saa na mshona suti, vibao vikining'inia. Ghorofa ya pili, mlango wa Muchiri ulikuwa umefungwa vile vile alivyouacha. Kufuli halikuwa na hata mkwaruzo. Ndani, televisheni tatu zilikuwa mahali pake, kabati la chuma, mashine nne, na juu ya meza kikombe cha chai kilichokauka.

"Zote zipo," Muchiri alisema kwa mshangao. Akahesabu tena. "Milcah, zote zipo."

Angeweza kwenda siku ile akarudi salama. Wote wawili walilifikiria hilo kwa pamoja. Milcah alitafuta ndani yake kama kuna furaha, akatafuta kama kuna hasira kwamba vitu hivi, vya watu kuchezea, vimeachwa, na magunia yake hayakuachwa. Hakupata hiki wala kile. Alichukua kitambaa, akafungua mlango wa kabati, akaanza kupangusa kadi za kumbukumbu moja moja. Kila moja ilikuwa na jina la mtu kwa wino.

Walimzika Ndegwa katikati ya Februari, Ndeiya, kwenye shamba la baba yake. Watu waliimba vizuri. Milcah alishikwa mkono huku na mkono kule na wanawake wa kanisa waliomngoja aanguke, na hakuanguka. Shemeji mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba macho makavu namna hiyo si ya kawaida. Muchiri alimgeukia shemeji yule, akamtazama mpaka akaangalia kando.

Mwishoni mwa Machi mwenye jengo la Luthuli alitaka chumba chake, na Muchiri akatafuta mahali pengine. Alisema watu wa mjini wamehamia kuchezea mitaani kwao, heri awafuate. Alipata vyumba vitatu vya kuchagua Dagoretti, karibu na soko. Milcah ndiye aliyekwenda kuviangalia. Cha kwanza dari ilikuwa na alama za maji, akatoka. Cha pili kilikuwa kikubwa, kimepakwa rangi upya, na mwenyewe, mzee mchangamfu aitwaye Muigai, alikuwa tayari kukitoa siku hiyo hiyo.

Milcah alisimama katikati ya chumba, akanusa. Alipeleka kidole ukutani, chini karibu na sakafu, akakiweka ulimini.

"Mzee, humu mlikuwa mkiweka nini?"

"Humu? Ngozi. Za kutoka kichinjioni. Lakini ni zamani, mama, tumeosha mara tatu."

"Mlikuwa mkizitia chumvi."

"Ngozi bila chumvi si itaoza?"

"Chumvi imeingia ukutani. Kila mvua ikija itavuta maji. Chuma chochote utakachoweka humu kitaliwa." Alimshukuru, akamwomba amwonyeshe kile cha tatu.

Cha tatu kilikuwa kidogo, chenye mlango mmoja na dirisha la juu, lakini kilikuwa kikavu kama biskuti. Alikichukua. Muchiri alipokiona aliguna kwamba televisheni sita tu ndizo zitakazotosha, na nyingine tano je?

"Zitapokezana," Milcah alisema. "Ghala nitakaa nalo mimi."

Alikuwa amekodi chumba nyuma ya kile kile, yeye na Debra, na nusu ya chumba hicho aliiwekea mbao.

Walizijaribu mashine zote Jumamosi ya kwanza ya Aprili, kabla ya kufungua. Muchiri aliunganisha nyaya, Debra akasoma nambari. Moja, ikawaka. Mbili, ikawaka. Ya saba ilikuwa ndiyo ile iliyoanguka zuliani siku ya mvua, na haikusema neno. Zilizobaki zote ziliwaka, za nyumbani na zile nne za Luthuli. Vijana wawili waliokuwa wakipita waliingia bila kualikwa, wakakaa, wakaanza kucheza, na muda si muda walikuwa wakitukanana kwa furaha kuhusu bao lililokataliwa.

Milcah aliwatazama kwa muda. Kisha akasema anaenda nje kidogo.

Karibu na lango la soko mwanamume alikuwa akichoma mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, kwenye makaa. Milcah alinunua kipande, hakujua kwa nini, maana hakuwa na njaa, wala hakukumbuka mara ya mwisho alipokuwa nayo. Alikiuma kikiwa bado kinachemka. Kilimwunguza ulimi, kweli kweli, hadi akapiga yowe dogo, akafungua mdomo akipepea kwa kiganja.

"Pole, mama!" mchomaji alisema akicheka. "Ungeingoja ipoe."

"Imenichoma," Milcah alimwambia.

"Nimeona. Nikupe maji?"

"Imenichoma," alisema tena, polepole, na macho yakamjaa maji. Mchomaji alimletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akaacha kucheka, akasimama pale na kikombe chake akimngoja, kwa sababu mama yule alikuwa bado na mutura mkononi, na hakuonekana kuwa na haraka ya kuyapokea.